Bundi wa Ghala na Bundi wa Mkorosho

Kibibi na mumewe Kitwana walikuwa wakulima wa Makurunge. Asubuhi moja Kibibi aliwamwagia kuku pumba, akashtuka. Vifaranga watatu hawapo.

"Ni yule bundi wa ghalani," alisema Kitwana. "Kalete mafuta ya taa. Leo namchoma na kiota chake."

Dukani alikuwapo Kanta, mke wa mwenye duka.

"Mafuta mengi hivi ya nini, Bi Kibibi?"

Kibibi akamweleza. Kanta akaiweka chupa chini.

"Huyo bundi ana uso gani?"

"Bundi ni bundi tu, Kanta. Mkosi mtupu."

"La, dada, hawafanani. Yuko mwenye uso mweupe, umbo lake kama kopa ya karata, na macho meusi. Huyo hukaa maghalani, na chakula chake ni panya. Mwingine ana vishungi viwili kichwani, kama masikio ya paka, na macho ya manjano. Huyo hulala mitini. Kifaranga aliyelala nje humchukua."

"Umejuaje?"

"Mwenye uso mweupe alikaa stoo yetu miaka mitatu. Panya walikwisha. Okota madonge anayotapika, uyavunje. Utaona alichokula."

Kibibi alikimbia, mafuta akayaacha pale pale. Alimkuta Kitwana ghalani, juu ya ngazi, rungu mkononi.

"Ngoja, mume wangu! Mtazame uso kwanza!"

Kitwana alichungulia. "Mweupe. Macho meusi. Masikio hana."

Kibibi alivunja madonge kwa kijiti. Nywele za panya. Mafuvu madogo yenye meno marefu. Unyoya wa kuku haukuwamo hata mmoja.

Wakaenda kwenye mkorosho, mahali kuku walipolala. Tawini alitulia ndege mwenye vishungi. Chini yake palitapakaa manyoya ya vifaranga.

"Nusura nimuue mlinzi wangu," alisema Kitwana.

"Na huyu tumwache. Kosa letu sisi, tuliwalaza kuku nje."

Siku hiyo hiyo walijenga banda la fito, wakalitia mlango. Kuku wakawa wanafungiwa kabla ya magharibi. Hakupotea kifaranga tena.

Masika yalipofika, ghala lilikuwa bado na mahindi. Kibibi alimpelekea Kanta kikapu kilichojaa mahindi.

"Mwaka jana wakati huu panya walituachia makapi. Ahsante sana, dada."

"Mimi nilisema tu. Aliyekimbia ni wewe."

Kibibi akacheka. "Kitwana anakuomba uje shambani. Bundi wetu ametotoa. Anataka wewe uwe mgeni wa kwanza kuwaona watoto."