Kabati la Vipimo vya Kicheko

Kulikuwa na fundi viatu aliyeishi na mkewe na binti yao katika nyumba ya vyumba vitatu. Chumba cha mbele, kinachotazama barabara, ndicho kilichokuwa karakana. Ukiingia, harufu ya ngozi na gundi inakupokea kabla ya mwenye nyumba.

Fundi huyu hakushona viatu vya kawaida. Hivyo vimejaa madukani. Yeye aliwashonea watu ambao miguu yao haipatani na kiatu cha dukani: mguu uliopinda, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, kifundo kilichovimba kikakataa kupona. Kazi hiyo aliipenda, nayo ilimpenda.

Lakini mtaani hakuna aliyemwita Fundi. Walimwita Bwana Zima. Hakuna kitu alichokichukia kama kitu kinachowaka bure. Taa, redio, feni, pasi, vyote alivizima. Siku moja alizima jiko maharage yakiwa hayajaiva. Familia ikala hivyo hivyo, kila mtu akimsikia mwenzake anavyotafuna.

Mkewe ndiye aliyekuwa mpimaji. Wateja wengi hutembea kwa shida, kwa hiyo yeye aliwafuata nyumbani kwao na mkoba wake. Alichora nyayo zao kwenye karatasi, akapima urefu, upana na kifundo. Mara nyingi karatasi zilirudi zimelowa mvua.

Binti yao aliitwa Chapu, kwa sababu mambo yake yote ni chapuchapu. Alikuwa amesomea kutengeneza programu za kompyuta.

"Mama, achana na makaratasi," alisema siku moja. "Nitakutengenezea programu. Utaandika vipimo kwenye simu ukiwa huko huko kwa mteja, na baba ataviona hapa papo hapo."

Kweli, akaitengeneza. Akaijaribu wiki nzima, ikafanya kazi vizuri.

"Na hiyo programu inakaa wapi?" baba yake akauliza.

"Iko kwenye wingu, baba."

Fundi akachungulia dirishani. Chapu akacheka mpaka akashika mbavu.

"Si wingu la mvua. Ni kompyuta nyingi za kukodi. Zimekaa kwenye jumba moja mbali na hapa, zinafanya kazi pamoja kama kundi moja. Programu yangu nimeifunga ndani ya kontena. Kontena ni kifurushi chenye kila kitu ambacho programu inahitaji ili ifanye kazi. Kundi linakichukua kifurushi hicho na kukiendesha kwenye kompyuta yoyote yenye nafasi."

"Na inawaka usiku kucha?"

"Usiku kucha."

"Hata sisi tukiwa tumelala?"

"Hata tukiwa tumelala, baba."

Fundi akakosa raha. Alikula kidogo, akaguna sana. Mwishowe Chapu alimwekea vitufe viwili kwenye simu, kimoja cha kuwasha programu na kingine cha kuizima. Hapo uso wa mzee ukakunjuka.

Mteja wa kwanza wa programu alikuwa msichana mdogo anayelelewa na bibi yake. Mtoto huyo alicheka kwa kila jambo, basi wakambandika jina la Kicheko. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi, tena umepinda kwa ndani. Tangu azaliwe hakuwa amepata kiatu kinachomfaa. Alipotaka kwenda mbali, bibi alimbeba mgongoni.

"Mwanangu, mgongo wangu umegoma," bibi alimwambia mke wa fundi. "Shule zinafunguliwa karibuni na huyu anatakiwa kuanza darasa la kwanza. Nikimbeba hadi huko sitafika. Asipopata viatu, atabaki nyumbani mwaka mwingine."

"Atapata, mama. Ngoja nimpime."

Kumpima ndiko kulikokuwa na kazi. Kicheko alitekenyeka vibaya sana. Futi ya kupimia ikigusa wayo tu, mtoto anagaagaa sakafuni. Mpimaji naye anacheka. Bibi anawagombeza wote wawili, huku naye machozi ya kicheko yanamtoka. Mchana mzima ukaishia hapo. Hatimaye vipimo vyote vikaingia kwenye simu, pamoja na picha. Karatasi yenye mchoro wa wayo alimwachia Kicheko, naye akauchorea macho na masharubu mpaka mistari yenyewe ikapotea.

Jioni fundi aliviona vipimo, akavisifu. Akachagua ngozi laini ya kahawia. Kisha akafunga karakana, akazima taa, akazima feni, akaizima na programu. Akalala usingizi wa pono.

Asubuhi aliiwasha programu. Haikuwa na kitu. Hakukuwa na vipimo wala picha, na hata jina la Kicheko halikuwamo.

"Mke wangu, vipimo viko wapi?"

"Si uliviona jana kwa macho yako mwenyewe?"

"Niliviona."

"Basi umevifuta."

"Mimi nimezima tu. Tangu lini kuzima kukawa kufuta?"

Chapu akaja mbio. Akatafuta huku, akatafuta kule. Uso ukamshuka. "Vimeondoka kabisa," alisema. "Sielewi. Niliijaribu wiki nzima."

Fundi akaketi kwenye kigoda chake. Alimfikiria yule mtoto akibaki nyumbani wenzake wakienda shule, na roho ikamuuma. Alitamani kidole chake kile kilichobonyeza kingekuwa cha mtu mwingine.

Wakati huo akaingia jirani yao kuchukua kandambili zake zilizokatika kamba. Jirani huyu alikuwa mwanamke mcheshi, kazi yake kutunza kompyuta za kampuni kubwa. Kompyuta hizo huitwa seva, basi mtaani walimwita Dada Seva.

"Hodi hapa. Kulikoni? Mbona mmekaa kama mmefiwa?"

Chapu akamweleza yote. Dada Seva akavuta kiti.

"Vipimo vilikuwa vinaandikwa wapi?" aliuliza.

"Humo humo ndani ya kontena."

"Ndiyo maana. Fundi, umewahi kulala nyumba ya wageni?"

"Nimelala."

"Ukiondoka chumbani, nini kinafuata?"

"Wanafagia. Wanatandika upya."

"Na soksi uliyoisahau chini ya kitanda?"

"Hiyo niliisamehe zamani," fundi akajibu, na mkewe akaguna.

"Kontena ndivyo lilivyo," Dada Seva akasema. "Ni chumba cha mgeni. Likizimwa, mgeni ameondoka. Kila kilichoandikwa ndani yake kinafagiwa. Ukiwasha tena, unapewa chumba kipya, safi, kitupu."

"Kumbe kosa ni langu," fundi akasema kwa sauti ndogo.

"Hapana. Usijibebeshe mzigo peke yako. Hata usingezima, siku moja kompyuta moja kule ingeharibika. Kundi lingeanzisha kontena jipya kwenye kompyuta nyingine, na vipimo vingepotea vile vile. Wewe umetuonyesha ufa mapema, kabla hatujalazimika kujenga ukuta."

Fundi akainua kichwa kidogo.

"Basi tufanyeje, dada?" Chapu akauliza.

"Kwenye nyumba ya wageni, kitu cha thamani unakiweka kwenye kabati la kukodi, pale mapokezi. Chumba utabadilishiwa, kabati litabaki lako. Wingu nalo lina kabati lake. Linaitwa diski ya kudumu. Diski hiyo iko nje ya kontena. Kontena likifa, diski inabaki. Kontena jipya likija, linaunganishwa na diski ile ile."

"Naipataje?"

"Unaliandikia kundi ombi. Unasema unataka nafasi kiasi gani. Unasema itatumiwa na kompyuta moja kwa wakati mmoja, au nyingi kwa pamoja. Yenu ni ndogo, moja inatosha. Kisha angalia jambo moja ambalo wengi hulisahau: ombi likifutwa, diski ifanywe nini? Mara nyingi, usipochagua, diski inafutwa pamoja na ombi. Wewe chagua ibaki."

Chapu akaandika ombi. Vidole vikaenda mbio kama kawaida yake. Baada ya muda mfupi akasema, "Tayari. Diski nimeipata, nimeiunganisha."

"Tuijaribu," Dada Seva akasema. "Tunahitaji mguu."

Fundi akavua kiatu. Mkewe akampima, akaandika vipimo, akaongeza kwamba kucha zinahitaji kukatwa.

"Sasa zima," Dada Seva akamwambia fundi.

"Mimi?"

"Nani mwingine anajua kuzima kama wewe?"

Fundi akabonyeza. Akasubiri. Akawasha. Mguu wake haukuwemo.

Chapu akashika kichwa. "Lakini diski nimeiunganisha."

"Umeiunganisha kwenye folda gani?" Dada Seva akauliza taratibu.

"Kwenye folda ya data."

"Na programu inaandika kwenye folda gani?"

Chapu akatazama kioo cha kompyuta. Kisha akaanza kucheka mwenyewe. "Inaandika kwenye folda ya vipimo. Ile ya zamani."

"Umekodi kabati," mama yake akasema, "na soksi bado unaitupa chini ya kitanda. Umemrithi baba yako."

Wote wakacheka, hata fundi. Safari hii Chapu alikwenda polepole. Akaiambia programu iandike kwenye folda ya data, pale diski ilipounganishwa. Akasoma tena alichoandika, mstari kwa mstari. Fundi akapimwa upya. Akazima. Akawasha.

Mguu wake ulikuwepo, na kucha zake zimetajwa vile vile. Akazima tena, akawasha tena. Bado upo. Akarudia mpaka mkewe akamnyang'anya simu.

"Na huo ndio mwisho?" fundi akauliza. Furaha ilikuwa imemjaa mpaka masikioni.

"Bado jambo moja," Dada Seva akasema. "Kabati linaweza kuibiwa, linaweza kuungua. Tena mtu akifuta kipimo kwa bahati mbaya, diski haitamzuia. Kwa hiyo wekeni nakala mahali pengine kila siku. Na mara moja moja jaribuni kuirudisha hiyo nakala, muone kama inarudi kweli. Nakala ambayo hujawahi kuijaribu, usiitegemee."

Chapu akalifanya na hilo siku hiyo hiyo.

Lakini vipimo vya Kicheko vilikuwa vimekwenda na maji, na maji yakimwagika hayazoleki. Fundi akavaa shati safi, akafuatana na mkewe hadi kwa bibi.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuomba radhi," alisema. "Vipimo vya mjukuu wako vimepotea mikononi mwetu."

"Marahaba. Basi mpimeni tena," bibi akajibu. "Miguu yake si hii hapa? Hajamwazima mtu."

Kicheko alipoiona futi, akaanza kucheka kabla haijamgusa. Fundi akamshika mikono, akamsimulia habari za soksi ya nyumba ya wageni. Mtoto alisikiliza kwa makini, na mpimaji akamaliza kazi haraka kuliko mara ya kwanza. Jioni fundi alizima programu bila wasiwasi. Asubuhi vipimo vilikuwa pale pale.

Katikati ya kazi, kompyuta moja kule kwenye wingu iliharibika kweli. Kundi likaanzisha kontena jipya kwenye kompyuta nyingine, likaliunganisha na diski ile ile. Chapu aliona taarifa kwenye simu yake, akatabasamu. Fundi hakujua lolote. Alikuwa anakata soli, ya kushoto nene kuliko ya kulia, akitazama vipimo kila anapotaka.

Viatu vikakamilika shule zikiwa bado hazijafunguliwa. Bibi akamleta Kicheko karakanani mgongoni, akipumzika kila baada ya nyumba chache. Fundi akapiga goti, akamvalisha, akafunga kamba.

Kicheko akasimama. Mabega yake yalikuwa sawa. Akapiga hatua moja, akamtazama bibi yake. Akapiga nyingine. Akaenda mpaka ukutani, akaugusa, akarudi. Kwa mara ya kwanza tangu wamjue, hakuwa anacheka. Alikuwa anatembea, na shughuli hiyo ilitaka akili yake yote.

Kisha akauona mlango ulio wazi. Akatoka nje, barabarani, akaongeza mwendo.

"Kicheko, usikimbie!" bibi akaita.

Akajiziba mdomo. Tangu amlee mtoto yule, hakuwahi hata siku moja kuwa na sababu ya kumwambia maneno hayo. Akasimama mlangoni, machozi yanamtiririka.

Halafu akaita tena, kwa sauti kubwa zaidi, ili mtaa mzima usikie: "Kicheko, mjukuu wangu, usikimbie!"