Umeme wa Ng'ambo ya Mto

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pilipili aligeuza mayai ndani ya mashine ya mama yake ya kuangulia vifaranga. Jina hilo alipewa na shangazi yake kwa sababu ya hasira zake za karibu. Asubuhi moja alikuta mashine imezimika. Ukame ulikuwa umekausha bwawa la umeme, na mayai yalianza kupoa. Yakiharibika, jasho lote la mama lingekwenda bure.

Pilipili alichungulia dirishani. Ng'ambo ya mto, katika nchi jirani, kiwanda cha mbao kilinguruma na taa zake ziliwaka mchana kweupe. Damu ikamchemka.

"Wachoyo wakubwa! Wana umeme mpaka wanawasha taa juani, sisi tunateseka!"

Shangazi, fundi wa kituo cha umeme, alikuwa akijaza madumu maji ya moto ili kuyapa mayai joto.

"Hebu tulia," alisema. "Sisi tuna maji, wao wana mitambo ya upepo, na laini ya umeme ni moja. Tuliahidiana kwamba anayepungukiwa asaidiwe na mwenzake, asiwashe jenereta za mafuta zinazochafua hewa na kuzidisha ukame."

"Sasa mbona hawatimizi?"

"Mwaka jana upepo wao ulitulia, bwawa letu likiwa limejaa pomoni. Wakubwa wetu wakakata laini. Hospitali yao ikakaa gizani."

Mama, aliyekuwa akipanga madumu kando ya mayai, aliinamisha kichwa. "Na sisi huku tulishangilia."

"Mama! Hata wewe?" Pilipili alifoka. "Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu! Aibu gani hii!"

Siku hiyo hakuna aliyemkanya.

Pilipili hakwenda shule; wote watatu walibadilisha maji ya madumu hadi alasiri. Mara taa ya mashine ikawaka.

"Umeme wetu umerudi!" mama alipiga vigelegele.

"Si wetu, mama," Pilipili alisema. "Bwawa bado kavu."

Shangazi alikuwa akizungumza kwa simu na wenzake wa kituoni. Alipomaliza, alikaa kitako.

"Ni wao," alisema. "Wamefungua laini kabla hatujawaomba radhi. Sikilizeni, ahadi ni deni, na jirani haahidiwi wakati wa shibe tu. Mvua zikirudi na upepo wao ukitulia, ni zamu yetu. Wakubwa wakitaka kukata laini tena, asishangilie mtu. Sote tuwafokee, kama Pilipili."