Ganzi ya Zulia la Chumbani

Kati ya mazulia yote ya dukani, moja lilikuwa na joto. Kinyozi aliligusa bila kukusudia, akimfuata dada yake katikati ya marobota, na kiganja chake kikahisi kama amegusa kitanda ambacho mtu ametoka kulalia sasa hivi. Akapita. Kisha akarudi akaligusa tena.

Mkewe alikuwa amefariki wiki chache tu zilizopita. Tangu mazishi kinyozi alinyoa watu, akarudi nyumbani, akala alichowekewa, na hakuna aliyemwona akitoa chozi. Dada yake mkubwa, aliyehamia kwake kumwangalia mtoto, ndiye aliyeamua mazulia yabadilishwe.

"Yale ya zamani yamelewa harufu ya dawa," alisema. "Mtoto akiinusa tu, anaanza kumlilia mama yake."

Muuzaji alikuwa mtu wa maneno. "Sebuleni wekeni la manyoya mafupi, rangi iliyokoza. Mgeni akimwaga chai halitawaumbua. Koridoni gumu, maana huko miguu haipumziki. Kwa mtoto, hili la vipande. Akikojolea kimoja, mnakibandua mnakifua."

"Mtoto hakojoi," dada mtu alisema.

"Basi atamwaga juisi. Watoto hawakosi la kufanya." Akamgeukia kinyozi. "Na chumbani kwako, kaka?"

Kinyozi alilionyesha lile la joto, nene, la rangi ya majivu, lenye manyoya marefu. Muuzaji akalikagua.

"Hili sikumbuki kuliagiza," alisema. "Lakini kama umelipenda, lichukue."

Fundi aliyekuja kuyatandika alimaliza nyumba nzima akicheka na mtoto, ila chumbani alitoka kimya, akijisugua magoti. "Miguu imeniingia ganzi," alisema, akakusanya vifaa vyake na kuondoka bila hata kunywa maji.

Kinyozi akavua viatu, akakanyaga. Ganzi ikampanda kutoka kwenye nyayo, ikapita magotini, ikafika kifuani, na kila ilipofika uzito ulikwisha. Tangu hapo akitoka kazini alikwenda moja kwa moja kukaa pale, mgongo kwenye kitanda, mpaka aitwe mara mbili kula. Chumba kilianza kunuka nywele mbichi. Chini ya zulia, kando ya ukuta, palitokea uvimbe mrefu kama mtu aliyelala kiubavu, ambao leo ulikuwa karibu na dirisha na kesho karibu na mlango. Kinyozi aliuona. Alijua kwamba angepaswa kuogopa. Akaingoja hofu, nayo haikuja.

Alasiri moja dada yake aliona matone ya damu koridoni. Akamkuta kinyozi jikoni, amesimama, anakunywa maji.

"Mdogo wangu," alisema polepole, "una msumari kisiginoni. Umeingia wote."

Kinyozi akainua mguu, akautazama. "Ah," alisema.

Dada aliyafuata matone yale hadi chumbani. Pale mlangoni damu ilikoma. Zulia lilikuwa safi, kavu, ingawa alama za kisigino zilikuwa zimebonyea waziwazi, na manyoya yake, japo dirisha lilikuwa limefungwa, yakaanza kulala taratibu kuelekea miguuni pake. Alitoka kinyumenyume. Hakurudi mpaka alipokuwa na mama mmoja mtabibu, ambaye watu wa mtaani walimwita pale madawa ya hospitali yaliposhindwa.

Mtabibu hakuingia. Alisimama kizingitini, akanusa.

"Ni jini," alinong'ona. "Mimi nitasoma, lakini wewe ndiye uliyelikaribisha. Neno la kulitoa ni lako."

"Linanisaidia," kinyozi alisema.

"Najua. Linakula kinachokuuma."

"Basi liache liendelee kula."

Dada alishika mdomo. Hapo ndipo walipomwona mtoto. Alikuwa ameketi katikati ya zulia, upande wa pili wa kitanda, miguu wazi, mtulivu kama mtu mzima anayesubiri zamu yake.

"Baba," alisema, "mama alikuwa na sura gani?"

"Unaijua."

"Siijui. Nimeitafuta, haipo."

Alilisema hilo bila chozi, bila kununa hata, na wakati anasema ule uvimbe ukabanduka ukutani ukaja chini ya zulia polepole, ukipita chini ya kitanda, ukiinua manyoya na kuyalaza, mpaka ukafika nyuma ya mgongo wake ukatulia, kama mtu anayejisogeza amkumbatie mtoto wake. Kinyozi akaruka, akamnyakua mtoto, akamtupia dada yake mikononi.

"Toka," alisema.

Sauti ikajibu kutoka chini, nzito, kama ya mtu mwenye sufi kinywani. "Nikitoka, utaumia."

"Toka."

"Yote kwa pamoja."

"Toka nyumbani kwangu."

Mtabibu akaanza kusoma, na zulia likanywea. Maumivu ya kisigino yakaja kwanza, kinyozi akaanguka. Kisha yakaja mengine, akalia pale sakafuni mpaka majirani wakasogea mlangoni, na mtoto naye akalia mikononi mwa shangazi yake, akiita mama, mama. Wanawake wale wawili walilikunja zulia, wakalichoma uwanjani. Liliungua kama zulia lolote.

Jioni baba na mwana walikaa kwenye saruji tupu, mguu wa kinyozi umefungwa bandeji.

"Alikuwa na mwanya," mtoto alisema.

"Alikuwa nao."

"Na alama hapa shingoni."

"Aliungua na pasi."

Mtoto akafikiri. "Na wewe alikuwa anakuitaje? Lile jina lenu la kutaniana?"

Kinyozi alifungua mdomo. Alijua lipo. Alijua mkewe aliliita kutoka jikoni na uani, na siku ya mwisho, kitandani, kwa sauti ndogo. Akamtazama dada yake, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mimi silijui," dada alisema. "Mlikuwa mkinificha."

"Baba?" mtoto akauliza.

Kinyozi alibaki mdomo wazi, akilisubiri.