Karibu, Mgeni

Kiumbe alivuta pumzi kabla ya kusema, na pumzi hiyo haikuwemo kwenye picha. Mtafsiri, akisikiliza kipindi kilichokamilika, aliisikia kwenye vipokea sauti vya masikioni, na papo hapo harufu ya waridi lililooza ikajaa chumba cha kurekodia, chumba kisicho na hata dirisha.

Hii ilikuwa tamthilia ya tatu ya visahani vya angani aliyoitia sauti ya Kiswahili, na zote zilimchosha kwa ujinga uleule. Viumbe wanavuka nyota zote hizo, wakifika wanashindwa na mlango wa bati. Vichwa vikubwa, macho ya chura, suti za kung'aa. Wanadai kuonana na mkubwa wa nchi, halafu sehemu ya mwisho wanapigwa mizinga. Yeye aliwaita "wageni" kwa sababu neno lilikuwa fupi.

Lakini sauti hii aliijua. Nzito, ya kiume, yenye mkwaruzo. Miaka ishirini iliyopita ilitoka kinywani mwa mama yake mzazi.

"Kaka, sauti ya kiumbe umeitoa wapi?"

Kaka yake, fundi sauti, alicheka. "Ile kaseti ya siku mama alipotolewa jini. Si nilirekodi? Sauti kama ile huipati popote, dada. Bosi mwenyewe kasisimka."

"Yaani mateso ya mama umeyafanya maigizo?"

"Punguza jazba. Ni sauti tu."

Alimkumbuka mganga akilifukuza jini lile kwa sharti moja: "Wewe ni mgeni. Hurudi hapa mpaka mtoto wa nyumba hii akukaribishe kwa kinywa chake." Na sauti ya nahodha wa chombo kwenye tamthilia ilikuwa yake. Wiki iliyopita, kaka akiwa bado hajaweka sauti ya kiumbe, aliusoma mstari wake huku akipiga miayo: Karibu, mgeni. Hapa ni kwako.

"Izuie isirushwe!"

"Nimeipeleka kituoni asubuhi." Kaka alitazama saa, kicheko kikamkauka. "Imeanza sasa hivi. Kwani mama anaangalia?"

"Haikosi hata siku moja, mpumbavu wewe! Ni mimi ninayesoma!"

Alitoka mbio, akavuka barabara mbili bila kuangalia magari, akimlaani kaka yake, na bosi, na nafsi yake iliyosoma maneno bila kuyafikiria, mpaka akafika mlangoni kwa mama, akausukuma, na ile harufu ya waridi ikamgonga usoni.

Kwenye runinga matangazo ya biashara yalikuwa yakiendelea. Mama alikaa kitini, mgongo umenyooka, mgongo uliopinda miaka mingi.

"Toka!" alifoka. "Toka ndani ya mama yangu, mshenzi wewe! Nakukataa!"

"Taratibu, mwenyeji," sauti nzito ikajibu. "Si umeniambia hapa ni kwangu?"

Mtafsiri alimkazia macho. Midomo ya mama haikufuatana na sauti ile. Ilikuwa ikitamka maneno mengine, polepole, bila sauti, na kazi ya miaka kumi ilikuwa imemfundisha kusoma midomo ya watu.

Mama alikuwa akimuuliza: Mwanangu, mbona umemfungulia?