Pasi za Upande wa Lameck

"Kaka, simama kulia! Utakanyagwa!"

Ndivyo Asteria alivyokutana na Lameck, kwenye ngazi za umeme za kituo cha treni cha T-Centralen, saa ambayo Stockholm nzima inarudi kutoka kazini. Yule kijana mrefu, koti jembamba la kijani lisilofaa kabisa kwa baridi ya Machi, alikuwa amesimama kushoto na begi lake la viatu vya kuchezea mpira. Nyuma yake Waswidi waliotaka kupita walivuta pumzi kwa hasira.

Lameck akageuka, macho kayatoa. "Dada, Kiswahili umekitoa wapi huku?"

"Bukoba. Sogea kwanza, salamu baadaye."

Jamani, mapenzi yana haraka. Kufikia mwezi wa sita walikuwa wakipika ndizi pamoja nyumbani kwa Asteria, Akalla. Lameck alimwita "profesa wangu", maana binti alisomea takwimu, na kila wiki alitazama video za ligi ndogo aliyochezea Lameck na kuzipanga timu kwa ubora: nani hodari wa kushambulia, nani wa kukaba, yote kwa kuhesabu pasi. Makocha walimtegemea, akiwemo Gabrieli, Mkongo aliyemsajili Lameck kama beki wa kulia.

Agosti, ulinzi wa timu ya Lameck ukaangukia mkiani mwa orodha ya Asteria. Pasi za wapinzani zilikuwa zinafika bila shida, nyingi upande wa kulia. Asteria aliituma hesabu kwa makocha bila kumwambia mpenzi wake. Aliogopa tu.

Simu ikalia.

"Kocha kaniweka benchi. Namba zako hizo?"

"Zangu, mpenzi."

"Ulijua lini?"

"Jumapili."

"Jumapili ulinipakulia samaki, unacheka! Mkataba ukiisha Novemba sina kibali, narudi Musoma. Pasi zote umezihesabu, mimi kuniambia ukashindwa?"

Akakata. Asteria akapiga, akapiga tena, wapi! Siku zilizofuata, kila alipopita T-Centralen alitafuta koti la kijani, akiogopa kumkuta na masanduku.

Akafungua tena zile video. Tusidanganyane, alitaka kumwona tu. Akamwona Lameck akirudi nyuma, winga wa wapinzani akipokea mpira, akikosa njia, akiurudisha kwa wenzake. Mara nyingine tena. Na tena.

"Loo! Nimefanya nini mimi?"

Alikuwa amehesabu kila pasi iliyofika, hata zilizorudi nyuma. Hakupima mpira ulisogea mita ngapi kuelekea goli kwa kila pasi iliyojaribiwa. Akazipima timu zote upya, kisha akarudia, maana aliogopa moyo usije ukampendelea mtu. Ulinzi wa kina Lameck ukapanda kutoka mkiani hadi wa pili.

Alimkuta Gabrieli uwanjani Rinkeby. Kocha alimsikiliza, mikono mifukoni.

"Binti, hii ni hesabu ao ni mapenzi?"

Akiongopa, ataaminiwa. Akisema kweli, huenda Lameck aondoke.

"Nampenda, kocha. Kwa hiyo usiniamini mimi. Itazame video mwenyewe."

Gabrieli akaitazama mpaka mwisho, akajipiga paji la uso. "Ni mimi nilimwambia arudi nyuma vile, awazibie njia! Niliona namba zako, nikasahau maneno yangu mwenyewe."

Mwishoni mwa Septemba, kengele ya mlango ikalia Akalla. Lameck, jezi imelowa mvua.

"Wamenipa mkataba wa miaka miwili. Kocha anasema ulimwambia unanipenda."

"Bado nakupenda. Siku namba zikikukataa kweli, nitazituma pia, Lameck."

"Zitume. Ila mumeo aambiwe kwanza."

"Nani?"

"Umenisikia. Usinirudishe kwenye mvua, njia nzima nimeogopa ndani ya treni."

"Mimi mwenyewe naogopa. Wiki zote hizi sijalala vizuri."

"Basi tuogope wote, mama. Unakubali nikuoe?"

Asteria alilia kwanza, vya kutosha, ameshika mlango. Kisha akasogea pembeni apite.

"Nakubali. Vua viatu, unanichafulia sakafu."