Sungura Aliyeozwa ili Atulie

Kila asubuhi, kijijini Janga, Bi Kidawa alikunywa chai na sungura wake. Yeye alikaa kwenye mkeka chumbani. Sungura alikaa miguuni pake na kutafuna matembele. Sungura huyo aliitwa Tajiri. Alipewa jina hilo kwa sababu alikula vizuri, alilala mchana kutwa, na kazi hakuwa nayo.

Tajiri alikuwa zawadi ya Rajabu, mtoto wa Bi Kidawa. Mwaka uliopita Bi Kidawa aliumia nyonga, na tangu hapo hakutoka sana nyumbani. Rajabu alikuwa kibarua wa kupakia mizigo kwenye bandari kavu ya Kwala. Mkewe, Saida, alishinda shambani, na mtoto wao alishinda shuleni. Basi nani angeongea na mama mchana? Tajiri. Na kweli waliongea. Bi Kidawa alimweleza habari zote za kijiji, naye Tajiri hakuzitoa nje.

Mambo yaliharibika Tajiri alipobalehe.

Hakuna aliyejua kuwa sungura dume hubalehe akiwa na miezi minne hivi. Waliona tu amebadilika. Alimzunguka Bi Kidawa miguuni huku akiguna. Aliupanda mguu wake kana kwamba ni jike. Alirusha mkojo ukutani, kitandani na kwenye kanga. Harufu yake ilifika uani. Rajabu alipojaribu kumkamata, alimng'ata kidole.

Yote hayo Bi Kidawa aliyavumilia. Lakini siku moja alitawadha, akatandika msala, akanyanyua mikono aanze swala ya Alasiri. Tajiri akaruka mbele yake na kuulowesha msala wote.

Bi Kidawa aliufua, akauanika, akaazima wa Saida. Kesho yake Tajiri akaulowesha na wa Saida. Ikawa hivyo karibu kila siku. Mwishowe Bi Kidawa alijikongoja na fimbo mpaka nyumba ya jirani, apate mahali pasipo na najisi. Nyonga ilimuuma kila hatua.

Rajabu alipomkuta mama yake njiani katika hali hiyo, alikasirika sana.

"Mama, huyu mnyama sasa basi," alisema. "Jumapili namchinja. Ukimwonea huruma, tumpeleke Mzenga kwa Mjomba Mwinyimadi. Mimi nitakununulia redio."

"Redio inajua kusikiliza?" Bi Kidawa aliuliza.

"Mama, unaswali nyumba za watu."

"Najua, mwanangu. Najua."

Machozi yalimlengalenga. Swala haiachwi. Basi wa kuachwa alikuwa Tajiri, na moyo wake haukutaka.

Jirani mwenyewe, Bi Mwanamvua, ndiye aliyeleta matumaini. "Mnahangaika bure," alisema. "Huyo ni kijana. Mwozeni, atatulia."

"Atatulia kweli?" Saida aliuliza.

"Hamidu wangu alikuwaje? Kutwa kijiweni, nyumbani haonekani. Nikamwoza. Leo si mnamwona anabeba mtoto mgongoni?"

Hoja hiyo iliwaingia wote. Nyumba ikachangamka. Rajabu akapiga simu Mzenga, upande wa Kisarawe. Mjomba Mwinyimadi, aliyekuwa mfugaji wa sungura, alicheka mpaka akakohoa. Akatoa sungura jike mweupe, tena bila mahari, akamleta mwenyewe ndani ya tenga. Saida alipika vitumbua. Bi Mwanamvua alipiga vigelegele mpaka wapita njia wakaingia kuuliza nani anaolewa. Jike akaitwa Bi Arusi. Siku hiyo Bi Kidawa alicheka kuliko siku zote tangu aumie.

Je, Tajiri alitulia? Wapi. Sasa alizidi. Aliulowesha msala, akamlowesha na mkewe. Baada ya mwezi mmoja Bi Arusi alizaa watoto saba, na nyumba ikafurahi tena. Lakini siku ileile ya uzazi Tajiri alimpanda upya. Mwezi uliofuata Bi Arusi akazaa wengine saba. Akakonda, manyoya yakamnyonyoka.

"Mimi pia ni mzazi," alisema Saida. "Hapana, huku ni kuteswa." Akamhamishia Bi Arusi na wanawe kwenye banda la Bi Mwanamvua.

Tajiri akabaki peke yake chumbani, na msala uliendelea kulowa. Rajabu akasema sasa hana njia nyingine ila kuchinja. Mzee Adamu, aliyekuwa akihasi mbuzi wa kijiji kizima kwa kisu na majivu, akamzuia.

"Ya nini kuchinja? Mhasi. Beberu mkubwa nammudu, sembuse huyu?"

Akakaa uani kunoa kisu. Saida aliingiwa na wasiwasi. Siku hiyo daktari wa mifugo alikuwa kijijini, akichanja mbwa dhidi ya kichaa. Alikuwa mwanamke kijana, Daktari Zawadi. Saida alikwenda mbio kumwita. Waliporudi, Mzee Adamu alikuwa ameshamshika Tajiri, na Tajiri alikuwa akirusha mateke.

"Shikamooni," alisema Daktari Zawadi. "Mzee wangu, naomba umweke chini taratibu. Sungura akishikwa vibaya na akarusha teke kwa nguvu, anaweza kuvunjika uti wa mgongo."

Mzee Adamu alimweka chini. "Kwa teke lake mwenyewe?"

"Kwa teke lake mwenyewe. Huyu si mbuzi. Na ukimkata bila dawa ya usingizi, maumivu na hofu tu vinaweza kumuua."

Mzee Adamu akakirudisha kisu alani. "Basi hapo mimi simo," alisema. Lakini hakuondoka. Alivuta kigoda apate kusikiliza.

Bi Mwanamvua naye alikuwa ameshafika. Daktari Zawadi alikaa mkekani, akasimuliwa kisa chote. Walipofika kwenye harusi, alicheka mpaka akajifuta macho.

"Bi Mwanamvua, kumpa dume jike hakumtulizi. Kunamchochea," alisema. "Kinachomsukuma kimo ndani ya damu yake, na kinatengenezwa kwenye korodani. Ndicho kinachomfanya arushe mkojo. Anaweka alama, kwamba hapa ni pake, na huyu ni wake."

"Mbona Hamidu alitulia?"

"Hamidu alipata akili. Sungura hapati akili kwa kuoa."

Kisha Daktari akawageukia wenye nyumba. "Sasa niambieni. Mnamfuga kwa ajili ya nini? Nyama? Mbegu?"

Rajabu akamtazama mama yake.

"Ni wa mama," alisema. "Wa kuongea naye."

"Basi kumhasi kunafaa. Mngekuwa mnauza watoto wa sungura, ningewaambia msimhasi. Mngemjengea banda lake peke yake, mkamkutanisha na jike mnapotaka. Lakini huyu anaishi ndani na mtu."

Rajabu alijikuna kichwa. "Daktari, dume ni dume bwana. Ukimtoa vitu vyake, atabaki nani?"

"Atabaki Tajiri."

Wanawake wakaangua kicheko. Rajabu naye akacheka, ingawa alikuwa ameibana miguu.

"Ataacha kunilowesha msala?" Bi Kidawa aliuliza. Yeye hakucheka.

"Wengi huacha, au hupunguza sana. Lakini si siku hiyohiyo. Huchukua wiki kadhaa, na wachache hubaki na mazoea yao. Siwezi kukuapia, mama. Tena dawa ya usingizi ina hatari yake kwa sungura. Ndiyo maana apelekwe kwa daktari aliyezoea kuhasi sungura, si mbwa na paka tu. Mimi ninafanya kazi hiyo kwenye kliniki yetu, Kibaha mjini."

"Na dini je? Si kubadili umbile huko?" Bi Kidawa aliuliza tena.

"Hilo muulizeni maalimu wenu. Mimi nimesema ya mwili."

Jioni hiyo Rajabu alikwenda kwa Maalimu Ally, mwalimu wa madrasa. Alirudi akitembea haraka.

"Anasema kwa mnyama wanazuoni wengi wameruhusu, kukiwa na manufaa na asiteswe," alieleza. "Kumtesa ndiko kubaya."

"Basi twende," alisema Bi Kidawa. Furaha ilimjaa hata akaukosa usingizi wa mchana kwa siku mbili.

Siku ya safari alivaa baibui lake jipya. Tajiri aliwekwa kwenye kikapu chenye kifuniko. Walipofika kliniki, Daktari Zawadi aliuliza jambo moja kwanza.

"Amekula asubuhi?"

"Hajagusa kitu tangu jana," Saida alijibu kwa fahari. "Mimi nilipojifungua kwa upasuaji niliambiwa nisile. Kwa hiyo nikamwondolea chakula."

Daktari alishika kiuno. "Dada Saida, binadamu huzuiwa kula kwa sababu anaweza kutapika akiwa usingizini. Sungura hatapiki kabisa. Na tumbo lake likikaa tupu, linaacha kufanya kazi. Likiacha, sungura hufa. Hatumgusi mpaka ale."

Bi Kidawa alishika fimbo yake, akatoka nyuma ya kliniki kuchuma nyasi. Alikwenda haraka, nyonga ameisahau. Alirudi na konzi nzima ya nyasi mbichi, na Tajiri akazitafuna zote. Saida alikaa kwenye benchi akijilaumu, mpaka Daktari akamwambia kuwa hata wenye elimu nyingi hukosea hapo.

Mchana Tajiri alichomwa dawa ya usingizi na kuhasiwa. Alirudishwa amefunikwa kitambaa, masikio yamelala, anapumua polepole. Bi Kidawa alimgusa kwa kidole kimoja tu.

"Nimempa dawa ya maumivu," alisema Daktari. "Nyumbani mwekeni mahali pakavu, penye joto na utulivu. Msimlaze kwenye mchanga wala vumbi la mbao, vitaingia kwenye kidonda. Tandikeni kitambaa safi. Mpeni chakula chake leo hii. Halafu angalieni mambo mawili: anakula, na anapata choo. Nusu siku ikipita bila hayo, nipigieni simu, msingoje kesho. Kidonda kikivimba au kikitoa usaha, nipigieni pia."

"Na Bi Arusi?" Saida aliuliza.

"Akae mbali naye wiki sita. Bado kuna mbegu zilizobaki mwilini. Anaweza kumpa mimba."

"Hata akiwa ameshahasiwa?" Rajabu alishangaa.

"Hata hivyo."

Jioni Tajiri hakutaka kula. Bi Kidawa naye akakisukuma chakula chake pembeni. Akashika jani moja la tembele, akalishikilia mbele ya pua ya Tajiri, akamweleza habari za Kibaha mjini. Adhana ya Magharibi ilipokaribia, pua ikatikisika. Tajiri akauma ncha ya jani. Kisha akalimaliza. Bi Kidawa akavuta sahani yake, akala wali uliokwisha kupoa.

Asubuhi Saida aliinama kufagia pembeni mwa kitanda, akakuta vidonge vidogo vya mviringo.

"Mama, Tajiri kapata choo."

Bi Kidawa akapiga kigelegele. Bi Mwanamvua akaja mbio kuuliza nani amejifungua. Akaonyeshwa vile vidonge, naye akapiga chake. Sijui kama kuna kijiji kingine kilichowahi kushangilia kinyesi namna hiyo. Janga walishangilia, na sababu walikuwa nayo.

Kidonda kilipona vizuri, lakini mkojo haukukoma mara moja. Wiki ya kwanza msala ulilowa. Wiki ya pili ukalowa. Bi Kidawa aliendelea kujikongoja kwenda kwa jirani, na moyo ukaanza kumwingia baridi. Saida akampigia Daktari, akaambiwa awe na subira.

Rajabu naye alikuwa na haraka yake. "Tumrudishie mkewe basi, maskini," alisema.

"Wale watoto kumi na wanne uliwalea wewe?" Saida aliuliza.

Watoto walipoacha kunyonya, Mjomba Mwinyimadi aliwafuata na matenga mawili, akawapeleka Mzenga. Wiki sita zilipotimia, Tajiri na Bi Arusi walikutanishwa uani. Walinusana. Tajiri alimzunguka mara moja, kisha akakaa. Bi Arusi akaja kulala ubavuni pake. Tangu hapo hawakuzaa tena, na manyoya ya Bi Arusi yakaota upya.

Na mkojo je? Ulipungua kidogo kidogo. Siku moja ukakosekana. Siku ya pili ukakosekana. Wiki nzima ikapita, na hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo kwa sauti. Bi Kidawa akaufua msala wake mara moja ya mwisho, akautandika chumbani kwake.

Aliswali Alasiri palepale, taratibu, bila kuharakishwa na safari ya kurudi. Alipomaliza alitoa salamu upande wa kulia, akatoa upande wa kushoto. Upande wa kushoto alikuwapo Tajiri, amejinyoosha ubavu, macho nusu yamefumba. Msala ulikuwa mkavu. Bi Kidawa alilia, na safari hii hakuyaficha machozi.

Rajabu aliingia kutoka Kwala na vumbi lake, fungu la mchicha mkononi.

"Shikamoo, mama. Huyu keshakula?"

"Marahaba," alisema Bi Kidawa akijifuta kwa ukingo wa kanga. "Na mimi mama yako, huniulizi kama nimekula?"