Chini ya Zulia la Gari

Bwana Hadi hakuitambua harufu ya unyevu, kwa sababu nyumbani kwake kila kitu kipya hufukizwa udi. Siku alipolileta gari lake lililokwisha kutumika, mkewe Suhaila aliingiza chetezo ndani, viti vikanukia kama chumba cha bi harusi. Hadi akavuta pumzi, akaridhika. Hakufunua zulia.

Sasa hatulii. Binti yao, Afaf, ni mja mzito, siku zake zimekaribia. Gari lilinunuliwa limpeleke hospitali. Lakini kila Hadi akilegeza usukani, gari huenda kushoto. Dukani kwake, Mji wa Kale, anaketi, anasimama, anatoka kulitazama. Mteja aliyetaka karafuu amepewa iliki.

"Gari lako lina mahaba na ukuta, Baba Afaf," Suhaila alimtania. "Kila njia laukimbilia."

"Rangi imefura chini ya mlango, basi. Fundi ataziba kwa pati, lile rojo la kujazia bodi, yatakwisha."

Mwalimu Beryl, afundishaye ufundi wa magari chuoni karibu na mtaa wa Buxton, alikuwa pale dukani akingoja bizari yake.

"Usizibe usichokijua, Bwana Hadi. Una sumaku?"

Hadi alileta sumaku ya redio mbovu. Ilinata kwenye boneti. Chini ya mlango ilianguka.

"Sumaku hushika chuma," Beryl alisema. "Hapa ni pati tupu."

Alifunua zulia. Palikuwa na maji, na chini yake kutu. Kidole chake kilipenya. Kisha wakapima chini ya gari kwa uzi, kutoka pembe ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu pembe nyingine mbili. Vipimo vilipaswa kulingana. Vilitofautiana kwa upana wa vidole viwili.

"Chesisi, yaani mifupa ya gari, imepinda. Liligongwa, likapambwa."

"Lakini lenda, Mwalimu. Na mtoto aja leo au kesho."

"Linakwenda, naam. Ukifunga breki ghafla litakwenda wapi, na Afaf yumo ndani?"

Suhaila ndiye aliyezichukua funguo.

"Kwanza chesisi ivutwe kwa mashine hadi inyooke, ipimwe tena," Beryl alieleza. "Kutu ikatwe yote, kichomelewe chuma kipya, kipakwe rangi ya kuzuia kutu. Pati ni ya mwisho, nyembamba, ya kulainisha tu. Haibebi uzito."

Uchungu ulimshika Afaf gari likiwa gereji, halina hata milango. Alikwenda kwa teksi ya jirani yao, Abdulghafur. Kila kona Hadi aliuliza kama breki ni nzima.

"Nzima kuliko moyo wako," Abdulghafur alimjibu.

Afaf alijifungua salama, mtoto wa kike. Baadaye gari lilirudi. Hadi alilegeza usukani, nalo likanyoosha njia.

Siku hizi Afaf humpeleka mwanawe kliniki kwa gari hilo, na jirani yeyote akitaka kununua gari lililotumika, Hadi kwanza huliinua na kulipima chini kwa uzi.